Ford T na Chevrolet ya 1957: Motokaa Mbili Zilizozeeka

   Baba zetu na mama zetu, yaya zetu na wadogo zetu, vuteni viti, mnipe masikio yenu kwa kitambo kidogo. Habari za siasa na za bei ya unga mmekwisha kuzisikia za kutosha juma hili, nami nimewaletea habari ya motokaa mbili.

Naam, motokaa mbili, na zote mbili za Kimarekani, na zote mbili kongwe. Walakini ukongwe wao haulingani, kwa maana baina ya kuzaliwa kwa ya kwanza na kuzaliwa kwa ya pili ilipita yapata nusu karne, na katika nusu karne hiyo dunia ilipigana vita vikuu viwili, na hapa petu Lubumbashi, ambapo hapo awali palikuwa na miti na vichuguu tu, palikwisha kusimama mji wenye reli, viwanda, chuo kikuu na jumba la michezo ya kuigiza. Ya kwanza ni Ford ya namna ya T, iliyotolewa kwa wanunuzi tarehe 1 Oktoba 1908 katika mji wa Detroit. Ya pili ni Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, ile ndefu yenye rangi mbili na mapezi mawili nyuma, ambayo hata mtoto wa leo asiyejua jina lake, akiiona katika picha au katika sinema, huitambua mara moja kuwa ni gari la Marekani.

Mtaniuliza: je, sisi watu wa Katanga, ambao njia zetu leo zimejaa Toyota zilizokwisha kutumika Japani, zikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kuendeshwa nchi kavu hadi mpakani Kasumbalesa, tuna haja gani na mikweche ya Wamarekani? Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa kuwaombeni mzitazame tarehe. Mwaka 1908, ilipozaliwa Ford T, ndio mwaka ambao Ubelgiji, tarehe 15 Novemba, iliichukua nchi hii ya Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili na kuifanya koloni lake. Mwaka 1957 ndio mwaka ambao, katika mwezi wa Desemba, wanaume weusi wa Élisabethville, maana ndivyo mji huu ulivyoitwa wakati ule, waliitwa kwa mara ya kwanza kupiga kura na kuchagua washauri wa komini zao. Basi motokaa hizi zimesimama, moja penye mlango ambao utawala wa Kibelgiji uliingilia, na moja karibu na mlango ambao ulitokea. Na mwenye kuzitazama kwa makini huona mengi yaliyopita kati ya milango hiyo miwili. Iko pia sababu ya pili, nayo ni shaba, lakini hiyo nitaifikia kwa zamu yake.

Kabla sijaendelea, liko neno moja ambalo napenda mlishike, kwa sababu nitalirudia: mtu anaponunua motokaa, hununua pamoja nayo barabara ambayo motokaa ile iliundiwa. Barabara ile ikiwapo, motokaa humtumikia. Isipokuwapo, yeye ndiye atakayeitumikia motokaa.

Tuanze na mkubwa, kama adabu itakavyo. Henry Ford alikuwa mtoto wa mkulima wa Michigan, na Marekani ya ujana wake haikuwa Marekani hii tuijuayo. Nje ya miji, njia zilikuwa za udongo mtupu. Mvua ikinyesha zilikuwa tope la kumeza gurudumu, na jua likiwaka lile tope lilikauka likawa mifereji na matuta. Mkiniambia kuwa sifa hizo ni za njia ya Mitwaba, huku kwetu Katanga, sitabisha. Na ndiyo maana nasema kwamba Ford T, ingawa hakuna aliyetufikiria sisi ilipokuwa ikichorwa, iliundwa kwa ajili ya nchi iliyokuwa na njia kama zetu. Magurudumu yake yalikuwa marefu, kimo chake inchi 30, yaani sentimeta 76, hata tumbo la gari likapita juu ya jiwe na kisiki bila ya kugusa. Springi zake zilikuwa mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zote zimelazwa kingamo, na chesisi yake iliweza kujipinda gurudumu moja linapoingia shimoni na jingine likapanda tuta, ilhali magari mengine ya wakati ule, yaliyokuwa mazito na magumu, yalivunjika mahali pale pale. Chuma chake kilitiwa vanadiamu, ambayo hukifanya kiwe imara, hata vipande vyake vikaweza kuwa vyembamba na vyepesi, na gari zima lilikuwa na uzito wa chini ya kilo 800.

Injini yake ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 20, ambazo ni pungufu ya nguvu za motokaa ndogo kabisa unayoipanda leo kutoka mjini kwenda komini ya Katuba. Pampu ya maji haikuwako, ila katika zile za kwanza kabisa. Maji yakishapata moto yalipanda yenyewe hadi katika rejeta, yakapoa, yakashuka. Pampu ya petroli haikuwako pia. Tangi lilikaa chini ya kiti, na petroli ilitiririka kwa uzito wake hadi katika kabureta. Kitu kisichokuwako hakiharibiki, na mafundi wetu wanaonisikiliza wanajua uzito wa maneno hayo.

Sasa je, ilikuwa ikiendeshwaje? Hapa, ndugu zangu madereva, naombeni subira, kwa kuwa dereva wa leo akiwekwa katika Ford T hawezi kuiondosha hata hatua tatu. Kwanza, kuiwasha: ulisimama mbele yake, ukashika hendeli, ukaizungusha kwa mkono wa kushoto, na kabla ya hapo ulikwisha kuhakikisha kuwa kile kijiti kilicho chini ya usukani, upande wa kushoto, kimerudishwa juu ili cheche zichelewe, kwani ukisahau, injini hupiga kinyume, na hendeli humvunja mtu mkono. Umekwisha kuiwasha, umepanda, umekaa. Chini ya miguu yako unaona vikanyagio vitatu, unafurahi, unasema haya nayajua. La, huyajui. Kikanyagio cha kulia ni breki. Cha katikati ni cha kurudi nyuma. Cha kushoto, ukikikanyaga hadi chini, gari huenda kwa gia ya nguvu. Ukikiachia kabisa, huenda kwa gia ya mwendo. Ukikishika katikati, haiendi popote. Na petroli je? Petroli ulizidisha na kupunguza kwa mkono, kwa kijiti cha kulia chini ya usukani. Dereva wa Ford T, kwa hiyo, alikuwa na kazi kwa kila kiungo alichopewa na Mungu, na nadhani ndiyo sababu madereva wa zamani walikuwa watu wa kimya kimya.

Tena iko ajabu nyingine. Nimesema kwamba petroli ilishuka kwa uzito wake kutoka chini ya kiti. Basi gari likiupanda mlima mkali, na petroli ni kidogo, tangi huwa chini kuliko kabureta, petroli haifiki, na injini huzima. Dereva afanyeje? Aligeuza gari, akaupanda mlima kinyumenyume! Na gia ya kurudi nyuma ilikuwa na nguvu kupita ile ya kwendea mbele, hata ikawa mlima uliomshinda mtu kwa uso ulimkubalia kwa kisogo. Hebu fikirini mtu anaupanda uwanda wa juu wa Kundelungu namna hiyo, shingo ameigeuza, vumbi jekundu linamwingia puani.

Walakini ajabu iliyo kubwa kuliko hizo ni bei. Gari hili lilipotoka mwaka 1908 liliuzwa dola 850, na fedha hizo hazikuwa za mtu wa kawaida. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, Ford aliweka utaratibu mpya, ambao chesisi ilikokotwa ikapita mbele ya mafundi, kila fundi akafunga kitu kimoja tu na kukifunga siku nzima, badala ya mafundi kulizunguka gari lililosimama. Na kazi iliyokuwa ikichukua saa zaidi ya 12 ikawa ni kazi ya saa moja na nusu hivi. Mwaka 1914 akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, jambo lililowashangaza matajiri wenzake na kuwakasirisha. Ilipofika mwaka 1925 ile T ya bei ndogo ilikuwa ikiuzwa dola 260. Gawanyeni wenyewe: kwa mshahara ule wa dola 5, ni malipo ya siku 52. Maana yake ni kwamba mtu aliyeliunda gari kwa mkono wake aliweza kulipanda Jumapili pamoja na mkewe na wanawe.

Na sasa ile shaba niliyowaahidi. Ndani ya gurudumu zito la injini ya Ford T mlikuwa na sumaku 16, zilizozunguka mbele ya koili 16 za waya wa shaba, na humo ndimo ulimozalika umeme wa kutolea cheche. Rejeta yake ilikuwa ya shaba. Waya zake zilikuwa za shaba. Mnamo mwaka 1911, siku ambazo Wamarekani walikuwa wakizigombania motokaa hizi, tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière hapa Lubumbashi liliyeyusha shaba yake ya kwanza. Na wazee wa wazee wetu walioichimba na kuiyeyusha, wengi wao waliotolewa vijijini mbali, walilipwa ujira mdogo na posho ya unga. Shaba yetu ilishuka Antwerp, Ubelgiji, nayo Ford ilikuwa na kiwanda cha kuunganishia magari huko huko Antwerp tangu mwaka 1922, katika bandari ile ile iliyokuwa mlango wa Kongo. Fundi wa Detroit alilipanda gari aliloliunda. Mchimbaji wa Katanga alilipisha njia. Mtu akinambia kuwa Henry Ford ndiye aliyewapa wanadamu wote motokaa, humwuliza ni wanadamu gani waliohesabiwa.

Iko njia nyingine ambayo Ford ziliweza kutufikia, nayo ni ya kusini, kwa sababu reli ya kutoka Cape iliwasili hapa mwaka 1910, na tangu mwaka 1924 Ford T zilikuwa zikiunganishwa Port Elizabeth, Afrika Kusini. Lakini gari la kusini usukani wake u upande wa kulia, kama desturi ya Waingereza, ilhali sisi hushika kulia mwa barabara na usukani wetu wafaa uwe kushoto. Kwa hiyo wale mnaogombana leo juu ya Toyota zenye usukani wa kulia, jueni kuwa ugomvi huo umezaliwa na mahali tulipo, mpakani mwa desturi mbili, na reli ile ya 1910 ilizifunga desturi hizo pamoja kabla baba zetu hawajazaliwa.

Tumekwisha na mkubwa. Sasa tumwendee mdogo, ambaye ni mzuri mno, na uzuri wake ndio utakaotusumbua.

Kampuni ya Chevrolet ilianzishwa Detroit mwezi wa Novemba 1911, mwaka ule ule wa shaba yetu ya kwanza, na Louis Chevrolet, mzaliwa wa Uswisi na bingwa wa mbio za motokaa, pamoja na tajiri William Durant. Baadaye iliingia katika General Motors, na humo ndimo ilimopata silaha ya kumwulia Ford. Silaha gani? Ford aliamini kuwa gari jema halina haja ya kubadilishwa, na kwa miaka kumi na zaidi, tangu 1914 hadi 1925, aliliuza kwa rangi moja tu, nyeusi. Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliamini kinyume chake: kwamba mnunuzi hupenda rangi, na hupenda gari la mwaka huu lisifanane na la mwaka jana, ili jirani ajue. Insafu yanilazimisha niseme kuwa Sloan aliwajua wanadamu kuliko Ford. Mwaka 1927 Chevrolet iliipita Ford kwa mauzo, na mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Ford T ya mwisho ilitoka kiwandani, ikiwa imekwisha kuundwa zaidi ya milioni 15. Bel Air yetu ya 1957, basi, ni mjukuu wa yule aliyemzika Ford T.

Mjukuu huyu alizaliwa katika Marekani nyingine kabisa. Vita vimekwisha, petroli ni rahisi, na tarehe 29 Juni 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu za kuunganisha nchi nzima, pana, zilizonyooka, zisizo na njia panda. Kwa barabara za namna ile, kuna haja gani ya magurudumu marefu? Wahandisi wa Chevrolet wakazipunguza ringi zake, kutoka inchi 15 za mwaka uliotangulia hadi inchi 14, ili gari lilale chini na kupendeza. Urefu wake ulizidi mita tano, na uzito wake ulikuwa yapata tani moja na nusu. Injini yake ndogo ilikuwa na silinda sita na nguvu za farasi 140. Lakini fahari yake ilikuwa ile ya silinda nane, zilizopangwa nne kwa nne kwa mfano wa herufi V, ambayo ujazo wake ulifika lita 4.6, na iliyokuwa kali kupita zote ilitoa nguvu za farasi 283. Farasi 20 hadi 283, wasikilizaji! Babu Ford T alikwenda kilomita 65 au 70 kwa saa akaonekana mwenda wazimu; mjukuu alikwenda mara mbili ya hizo na zaidi, dereva ameegemea, mkono mmoja dirishani, na gia zajibadilisha zenyewe kama amelipa nyongeza.

Na yale mapezi je? Yalianza kwa Harley Earl, mchoraji mkuu wa General Motors, aliyevutiwa na ndege ya kivita iitwayo P-38, akaweka vipezi vidogo katika Cadillac ya 1948. Baada ya hapo kila kampuni ikataka mapezi, na kila mwaka mapezi yakawa makubwa zaidi. Katika gari lisiloruka, pezi halina kazi yoyote. Lakini katika Bel Air ya 1957 pezi la kushoto lilipewa kazi, nayo ni ya kuficha mdomo wa tangi la petroli, hata mtu wa kituo cha mafuta asiyelijua gari hilo alilizunguka na mpira mkononi, akitafuta mahali pa kumiminia, mwenye gari akimtazama katika kioo na kutabasamu. Anasa nayo ina michezo yake.

Ndani, viti vyake vilikuwa virefu mfano wa benchi, watu sita walikaa bila kubanana, na kioo cha mbele kiliviringishwa pembeni. Aliyelipa zaidi aliwekewa redio, na mimi, nikiwa mtu wa redio, siwezi kulipita jambo hilo kimya. Miaka ile ndiyo iliyokuwa miaka ya magitaa ya Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi, na wimbo wake wa Masanga ukaenda mbali kuliko motokaa yoyote iliyopata kutoka hapa.

Sasa tuilete Bel Air katika mji wetu. Katika miaka ya 1950 shaba ilikuwa na bei, na Élisabethville ilikuwa imenenepa. Jumba la michezo ya kuigiza, ambalo leo twaliita Jengo la 30 Juni, lilikamilika. Chuo kikuu kikafunguliwa mwaka 1956. Njia za mji wa Wazungu zilikuwa na lami na vivuli vya mijakaranda. Katika njia zile, gari refu la Kimarekani lilikuwa na mahali pake. Walakini lami ile ilikuwa na mpaka. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya watu weusi palikuwa na ukanda mtupu, uliowekwa kwa makusudi kuwatenga watu na watu, na mtu mweusi aliyelifahamu gari la tajiri kuliko tajiri mwenyewe, aliyejua sauti ya kila silinda na kulipangusa hata likang'aa, jioni alitundika ufunguo, akauvuka ukanda ule kwa miguu au kwa baiskeli kwenda kwake. Nimesema kuwa mwenye kununua motokaa hununua na barabara yake. Haya, hapa barabara ilikuwa ya mtu mmoja, na ujuzi wa kuiendea ulikuwa wa mwingine.

Tena toka nje ya mji. Lami imekwisha, udongo mwekundu umeanza, na ule ufupi wa magurudumu ambao huko Marekani ulikuwa urembo, huku ni adhabu. Tumbo lapiga mawe. Mkia mrefu, uliotokeza nyuma sana ya magurudumu, wakwaruza kila mahali gari linapotoka shimoni. Vumbi laingia katika vitambaa vya rangi mbili, nalo vumbi letu, mama zetu mnaofua nguo mnalijua, halitoki. Injini ya silinda nane yataka petroli safi, ilhali ile ya babu, ambayo ilibana hewa kidogo tu, ilikubali mafuta ambayo leo hata wauza petroli ya chupa wa kando ya njia wangeona haya kuyauza.

Tuje kwenye vipuri, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu katika mji huu motokaa haifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa kipuri. Ford alikataa kubadilisha, na ukaidi huo, uliomwangusha katika biashara, ulikuwa ni neema kwa fundi. Kwa miaka 19 gari lilibaki lile lile kwa asili yake, na injini yake iliendelea kuundwa hata baada ya gari lenyewe kukoma, hadi mwaka 1941. Fundi aliyekuwa na Ford T mbili mbovu alikuwa na moja nzima. Zilitosha nyundo, bisibisi, spana chache na koleo, na mtu mwenye akili aliifungua injini chini ya mwembe na kuifunga kabla ya jua kuchwa. Sikusema kuwa haikuharibika, iliharibika sana. Mbao za magurudumu yake zilikauka kiangazi, zikalegea na kulia, na breki zake hazikugusa magurudumu ya mbele kabisa. Lakini kila ubovu wake ulikuwa ubovu ambao mtu aweza kuufikia kwa mkono.

Bel Air je? Mwaka 1955 ilikuwa na uso wake, mwaka 1956 ikapewa uso mwingine, mwaka 1957 mwingine tena, na mwaka 1958 ikabadilishwa mwili mzima. Mwenye ya 1957 akivunjikiwa na taa ya nyuma, ya 1956 haimfai. Na kile kioo kilichoviringishwa, jiwe la lori moja likikipiga, hakuna fundi wa kioo awezaye kukikata. Palipokuwa na wakala na meli na fedha za kigeni, kipuri kilikuja. Julai 1960 ilipofika, mara baada ya uhuru, ambapo Wabelgiji wengi walipakia watu na mizigo katika motokaa zao na kukimbilia Rhodesia ya Kaskazini, kisha ukaja utengano wa Katanga na vita vyake hadi Januari 1963, na miaka kumi baada ya hapo petroli ya dunia nzima ikapanda bei, barabara ya Bel Air, ile ambayo mwenyewe aliinunua pamoja nayo bila kujua, ilikatika. Simaanishi ya lami tu. Namaanisha ile ndefu iliyotoka Detroit hadi Antwerp, na Antwerp hadi hapa, ambayo juu yake vilisafiri vioo, taa na nakshi za kromi.

Hata hivyo nisimdhulumu mjukuu. Uso wake ulibadilishwa kila mwaka, lakini moyo wake haukubadilishwa. Ile injini ya silinda nane iliyoanza mwaka 1955 ilikuwa nyepesi, rahisi na imara kiasi ambacho General Motors iliendelea kuiunda yenyewe na vizazi vyake kwa makumi ya miaka, na leo bado waweza kuinunua mpya. Walioichora walifanya kazi ya heshima. Waliokosea, kwa upande wetu, ni waliouvika moyo huo nguo zisizofuliwa. Na juu ya usalama, wote wawili waniwie radhi: babu alikuwa na breki za nyuma tu, mjukuu alikuwa na nguzo ya usukani isiyokunjika, iliyomngojea dereva kifuani siku ya ajali. Msidanganywe na watu wasemao kuwa magari ya zamani yalikuwa salama kwa kuwa yalikuwa mazito.

Basi ipi ni bora? Najua mmekaa mkilingoja neno hili, na wengine mmekwisha kubishana huko nyumbani. Kwa harusi ya Jumamosi, kutoka kanisani hadi ukumbini, barabara kavu na wapiga picha wamejipanga, nipeni Bel Air, na iwe ya rangi ya samawati na nyeupe. Kwa siku nyingine zote, na kwa njia nyingine zote za Haut-Katanga, naipa Ford T ushindi, kwa hoja ile ile niliyoanza nayo: iliundwa na mtu aliyeijua njia mbovu, ikaja mahali penye njia mbovu, na ilipoharibika iliwaacha watu wa mahali pale na uwezo wa kuitengeneza. Bel Air ilidai kwanza nchi ibadilike ndipo itembee.

Nina ombi moja kabla dakika zetu hazijakwisha. Nyuma ya nyumba za mji huu, Likasi na Kolwezi pia, kungali na vipande vya motokaa za Kimarekani: bampa, rejeta, usukani, pengine gari zima lililofunikwa na nyasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila asubuhi na mizani yao. Wapendwa, kabla hamjauza, lipigeni picha, andikeni nambari iliyogongwa katika chuma chake, na muulizeni mzee wenu nani aliliendesha, lilitoka wapi na lilipita njia gani, kisha pelekeni habari hizo katika Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi. Na ninyi wazee mliozishika hendeli na sukani hizo, au mliofundishwa kazi na walioshika, waiteni wajukuu muwasimulie juma hili hili.